Poti, kiti cha kupachika au choo cha kuchuchumaa: njia za kumwachisha mtoto nepi katika nyumba za Mombasa

Mtoto akikaribia miaka miwili, ushauri humiminika kutoka kila upande. Bibi atakwambia wanawe waliacha kujikojolea kabla hawajajua kukimbia. Muuguzi wa kliniki atakwambia usimharakishe. Jirani atasema nunua poti, na mpangaji wa chumba cha pili atauliza poti ya nini, mpeleke chooni kama watu wengine. Huenda wote wako sawa, kila mmoja kwa nyumba yake. Njia iliyofaulu katika fleti ya Nyali yenye choo cha kukaa na maji siku nzima inaweza kukwama ndani ya wiki moja katika nyumba ya Kiswahili kule Majengo, ambako choo kiko uani na kinatumiwa na wapangaji wa vyumba sita.

Kwa hivyo hapa tunalinganisha njia kwa kuangalia nyumba zinazofaa, na swali la kwanza ni hili: nani anashinda na mtoto mchana? Huyo ndiye mwalimu. Mama anayetoka Mtopanga alfajiri kuwahi kazi na kurudi magharibi anaweza kununua kila kifaa, lakini saa nne asubuhi, mtoto anapojibana pembeni mwa kochi, aliyepo ni dada wa kazi, bibi, au mlezi wa kituo. Kama mtu huyo hakubaliani na mpango, au ana watoto wengine wanane wa kuangalia, chagua mpango anaoumudu yeye, hata kama wewe ungependa mwingine.

Kuanza mapema au kungoja dalili

Kuanza mapema si jambo geni Pwani. Mwaka 1977 watafiti Marten na Rachel deVries walichapisha katika jarida la kitabibu la Pediatrics maelezo ya jinsi Wadigo, jirani zetu wa kusini mwa Likoni, wanavyowafunza watoto. Mama huanza mtoto akiwa na wiki chache tu. Hukaa chini akanyoosha miguu, akampakata mtoto katikati ya mapaja akitazama mbele na mgongo umemwegemea, kisha akatoa sauti ya "shuu". Kwa haja kubwa, mtoto hugeuzwa akatazamana na mama na kuketishwa juu ya miguu ya mama. Hurudiwa mara nyingi, mchana na usiku, mpaka mtoto anaizoea ile sauti na ule mkao. Kufikia miezi 5 au 6 alitarajiwa kuwa mkavu kwa kiasi kikubwa, mchana na hata usiku.

Wanaoisikia habari hii kwa mara ya kwanza hudhani mtoto wa miezi 6 amejua kwenda chooni. Hajajua. Amejua kuachia anaposhikwa, na mama amejua kusoma kujinyonganyonga kwa mwili, kilio kifupi, kunyamaza ghafla wakati wa kunyonya. Ni kazi ya watu wawili. Mtoto akiachiwa mtu asiyeijua sauti wala mkao, kazi hukatika hapo hapo. Njia hii inataka mlezi mmoja au wawili walio naye karibu saa zote, mtoto asiyefungwa nepi nzito, na sakafu ya sementi au ua unaosafishika kirahisi. Faida yake ni kubwa ukiimudu. Mtoto anayetumia pampasi 5 kwa siku anamaliza 150 kwa mwezi. Ukipunguza hadi moja ya usiku, unabaki na 30. Zidisha kwa bei ya dukani kwenu uone. Ngozi yake pia inapumua, na katika joto la Januari na Februari hilo si jambo dogo.

Njia hii hukwama mara nyingi mtoto anapoanza kutambaa au kutembea. Anayeshikiliwa wakati anataka kukimbia hujinyoosha, hukataa, halafu hukojoa dakika moja baada ya kuachiwa. Usishindane naye. Punguza, umshike tu akiamka na baada ya kula, na umwekee poti mahali anapoiona.

Kungoja dalili kulienezwa na daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, aliyechapisha mwaka 1962 kumbukumbu za watoto 1,170. Watoto wake walianza kuzoeshwa karibu na miezi 18, kwa hiari yao, na wastani wa kukauka mchana ulikuwa miezi 28.5. Dalili za kuangalia ni hizi: anakaa mkavu kwa saa mbili au anaamka mkavu usingizi wa mchana, anajificha nyuma ya mlango au pazia anapotaka kwenda haja, anaweza kushusha kaptura mwenyewe, anafuata agizo la hatua mbili, kama "chukua kopo, umpe bibi", na anaudhika nepi ikichafuka. Si lazima zote zitimie. Tatu zikionekana kwa wiki mbili mfululizo, anza.

Kwa mtoto ambaye hakushikwa tangu uchanga, kuharakisha hakuleti faida inayodhaniwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida lile lile la Pediatrics ulionyesha kwamba watoto walioanza mafunzo makali kabla ya miezi 27 kwa kawaida hawakumaliza mapema zaidi. Walichukua tu muda mrefu zaidi njiani. Maoni yetu: kama hukuanza uchangani, mzoeshe poti bila shinikizo kuanzia mwaka mmoja na nusu, na mpango wenyewe uuanze kati ya miezi 24 na 30. Kungoja kupita miaka mitatu bila sababu kuna hasara zake, kwa kuwa chuo (madrasa) na nasari nyingi hazipokei mtoto mwenye nepi, na wiki ya kufunga begi la shule si wiki ya kuanza somo hili.

Chagua majira pia. Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi Mombasa, na chupi hazikauki kwenye kamba. Mtoto akijikojolea mara tano kwa siku utaishiwa na nguo kabla ya saa nane mchana. Epuka pia mwezi wa Ramadhani, ambapo usingizi na milo ya nyumba nzima hubadilika, na wiki sita kabla na baada ya kuzaliwa mdogo wake.

Vyombo vitatu, bega kwa bega

| | Poti | Kiti cha kupachika juu ya choo cha kukaa | Choo cha kuchuchumaa |
|---|---|---|---|
| Anaweza kukitumia akiwa | anakaa imara bila kushikwa | karibu miaka 2 na zaidi | miaka 2 na nusu akishikwa. Peke yake baada ya 4 hivi |
| Miguu | inagusa sakafu | inaning'inia bila kigoda | yote chini, mkao mzuri kwa haja kubwa |
| Maji kwa kila haja | nusu lita hadi lita moja | tangi zima, kwa kawaida lita 6 hadi 9 | kopo kwa mkojo, nusu ndoo kwa haja kubwa |
| Hofu ya kawaida | ndogo | kuanguka, mshindo wa maji | tundu, giza, utelezi |
| Kazi ya mlezi | kumwaga na kuosha kila mara | kumpandisha na kumteremsha | kumshika muda wote |

Poti ndiyo chaguo letu la kwanza kwa nyumba nyingi, hata zenye choo kizuri cha kukaa. Sababu yake ni kasi. Kibofu cha mtoto wa miaka miwili hubeba takriban mililita 90 hadi 120, chini ya nusu ya kikombe kikubwa cha chai, na tangu ahisi mkojo mpaka aachie ni sekunde chache tu. Poti ikiwa ukumbini, hatua nne kutoka anapochezea, atawahi. Choo kikiwa mwisho wa ujia, hatawahi, na kila akichelewa anajifunza kwamba kujikojolea ndiko kunakotokea.

Unapoinunua, usiangalie katuni. Angalia kitako kipana kisichopinduka mtoto akiegemea upande mmoja, ukingo usio na ncha za plastiki zinazokata mapaja, na bakuli la ndani linalotoka bila kukwama. Mtoto akikaa, nyayo zilale sakafuni zote na magoti yawe juu kidogo ya nyonga. Poti za kipande kimoja ni za bei nafuu na zinatosha, ila zenye shingo nyembamba huficha uchafu usiofikiwa na kitambaa. Kwa mtoto wa kiume, ukingo wa mbele uinuke. Hata hivyo, kingo zile za kubandika na kubandua zikwepe kama ni kali, kwani akijikwaruza mara moja atakataa kukalia poti kwa siku nyingi.

Usiifanye kiti cha kuchezea wala cha kutazamia televisheni. Mtoto anayekaa nusu saa juu ya poti huku akila biskuti hafunzwi chochote, na kujikamua kwa muda mrefu si kuzuri kwa njia yake ya haja. Dakika 3 hadi 5 zinatosha.

Kiti cha kupachika kinafaa fleti ndogo isiyo na nafasi ya poti, mtoto anayependa kuiga wakubwa, na mlezi asiyetaka kuosha vyombo. Kabla ya kununua, pima choo chenu: vipo vyenye umbo la yai na vya duara, na kiti cha duara juu ya choo cha umbo la yai hucheza. Kikicheza mara moja mtoto akiwa juu, umempoteza. Tafuta chenye mpira chini na vishikio pembeni. Kigoda cha miguu si hiari. Mtoto anayening'iniza miguu hawezi kusukuma vizuri haja kubwa, kwa sababu misuli ya chini ya nyonga inakaza ili asianguke. Wengi wanaokojoa vizuri kwenye kiti hiki lakini wanangoja nepi ya usiku ili wapate haja kubwa, tatizo lao ni miguu tu. Weka kigoda cha mbao kizito, au kreti ya soda iliyopinduliwa na kufungwa isiteleze.

Zingatia maji. Mtoto wa miaka miwili hukojoa mara 6 hadi 8 kwa siku. Mara 7 kwa lita 6 za tangi ni lita 42, zaidi ya mitungi miwili ya lita 20. Katika mitaa inayopata maji ya mfereji kwa zamu na kununua ya mkokoteni siku zilizobaki, gharama hiyo inahesabika. Poti ileile, ukiisuuza kwa nusu lita na kumwaga chooni, inakula lita 3 na nusu. Wenye kiti cha kupachika wanaweza kumwaga kopo badala ya kuvuta tangi baada ya mkojo, na kuvuta baada ya haja kubwa tu. Na usivute maji yeye akiwa bado ameketi. Mshindo ule huwatisha wengi.

Choo cha kuchuchumaa ndicho kilicho katika nyumba nyingi za Mji wa Kale, Likoni, Kisauni na Changamwe, na mtoto atakikuta pia chuoni na shuleni, kwa hivyo lazima afike huko mwisho wake. Mkao wake ni mzuri sana kwa haja kubwa, magoti juu na mgongo umeinama kidogo. Ugumu ni kwamba kimejengwa kwa mapaja ya mtu mzima. Kanyagio ziko mbali mno kwa miguu ya mtoto, akizikanyaga zote mbili anapasuka msamba, na akikanyaga ndani yake anateleza.

Mshike hivi. Vua kaptura kabisa, usiishushe hadi vifundoni, maana inamfunga miguu na italoa. Ondoa kandambili zenye soli laini au umwachie peku juu ya sakafu iliyosuguliwa na kukaushwa. Chuchumaa mbele yake, nyayo zake ziwe kando ya tundu mahali pakavu, umshike chini ya makwapa au akushike mabega. Akimaliza, mwinue kwanza, ndipo umchambe pembeni. Kumchamba akiwa bado juu ya tundu ndiko kunakoleta kuteleza.

Choo cha shimo kina hatari yake ya pekee, na hapa hatulegezi kamba: tundu linalomtosha mtu mzima kwa haja linaweza kumtosha mtoto mdogo mzima. Chini ya miaka minne asiingie peke yake, mlango ufungwe kwa komeo la juu, na tundu liwe na kifuniko cha mbao chenye mpini. Katika nyumba ya namna hiyo poti si anasa. Mtoto ajisaidie kwenye poti uani, mlezi amwage shimoni na kusuuza. Kumwambia akojoe kwenye mtaro wa bafuni ni rahisi na wengi hufanya hivyo. Kwa mkojo halina neno maadamu maji yanafuata, lakini haja kubwa isiende mtaroni. Haja kubwa ya mtoto ina vimelea kama ya mtu mzima, na mtaro ulio wazi hupita mbele ya milango ya wengine.

Siku tatu au polepole

Mpango wa siku chache unatokana na kazi ya wanasaikolojia Nathan Azrin na Richard Foxx, waliochapisha mwaka 1973 matokeo ya watoto 34 wa miezi 20 hadi 36 waliofunzwa kwa wastani wa saa 4 hivi. Walitumia vinywaji vya kutosha ili nafasi za kujaribu ziwe nyingi, mwanasesere wa kuonyesha, sifa kwa kila mafanikio, na ukaguzi wa mara kwa mara wa ukavu. Walitumia pia kumrudisharudisha mtoto aliyejikojolea kutoka aliposimama hadi kwenye poti mara kadhaa. Hicho kipande kiacheni. Huleta vilio, na mlezi aliyechoka hukigeuza kuwa adhabu.

Nyumbani mpango huu unahitaji siku tatu kamili za mtu mmoja asiye na kazi nyingine. Siku ya kwanza ondoa nepi asubuhi. Mtoto avae fulana tu, au gauni fupi bila chupi. Kunja zulia na mkeka wa kuswalia uviweke mbali, kwa Waislamu mkojo ni najisi na hakuna atakayefurahia kuosha zulia zima kila saa. Mpe kinywaji kidogo zaidi ya kawaida, maji, dafu au uji mwepesi, bila kumlazimisha. Mtazame yeye, usitazame simu. Akianza kukojoa, mchukue upole mpaka kwenye poti hata kama nusu imemwagika: tone moja likiingia, sifia lile tone. Usimuulize "unataka susu?" kila dakika tano, jibu la mtoto wa miaka miwili ni "sitaki" kabla hujamaliza. Sema "twende susu" ukiwa umeshasimama.

Siku ya pili mvalishe kaptura pana ya lastiki bila chupi. Za mitumba kutoka Kongowea zinatosha, ila lastiki iwe laini ajishushie mwenyewe. Siku ya tatu toka naye mara moja, nusu saa, mpaka dukani na kurudi, akiwa amekojoa kabla ya kutoka. Ajali zikiwa bado tano au zaidi na haonyeshi kuhisi mkojo unapokuja, rudisha nepi bila maneno na mjaribu tena baada ya wiki nne hadi sita. Si kushindwa, kibofu chake bado.

Mpango wa polepole hushikiliwa na ratiba: akiamka, dakika 15 hadi 30 baada ya kila mlo, kabla ya kuoga, kabla ya kutoka, kabla ya kulala. Vipindi vya baada ya mlo ndivyo vyenye thamani zaidi, kwa kuwa tumbo likijaa utumbo mpana huamshwa na haja kubwa huja yenyewe. Mpango huu huchukua miezi miwili hadi mitatu, na ndio tunaoupendekeza kwa mtoto anayelelewa na zaidi ya mtu mmoja. Andika ratiba kwenye karatasi, ibandike jikoni, na kituo anakoshinda kipewe nakala. Mtoto anayeketishwa kwenye poti nyumbani na kufungwa pampasi kituoni siku nzima anafunzwa mambo mawili yanayopingana. Chagueni pia maneno mamoja. Kama nyumbani ni "susu", kituoni isiwe "haja ndogo".

Kuhusu nguo za mafunzo: pampasi hunyonya unyevu haraka kiasi kwamba mtoto hahisi amelowa, kwa hivyo ni nzuri kwa safari na mbaya kwa somo. Nepi za kitambaa humjulisha, ila zinataka maji na sabuni. Maji ya kisima yenye chumvi hayatoi povu vizuri, utatumia sabuni zaidi. Chupi za pamba 10 hadi 12 ndizo zinazotosha kwa nyumba inayofua kila siku. Zile suruali za kuvuta zilizo nusu pampasi, kwa maoni yetu, ni pampasi kwa bei ya juu.

Kuchamba, kuosha, kumwaga

Mtoto wa kike achambwe kwa maji yanayotoka mbele kwenda nyuma, kamwe si kinyume, ili vimelea vya haja kubwa visifike kwenye njia ya mkojo. Mkausheni kwa kitambaa safi. Unyevu wa joto letu huwasha. Kujichamba mwenyewe vizuri huja karibu na miaka minne hadi mitano, lakini mkono wa kushoto na kunawa kwa sabuni vifunzwe tangu siku ya kwanza ya poti.

Poti ioshwe kwa sabuni kila baada ya haja kubwa. Mtoto akiharisha, iongezeeni dawa ya klorini ya nyumbani, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, ikae dakika 10 kisha isuuzwe. Mwaga mkojo na usuuze kwanza. Klorini ikikutana na mkojo au na dawa nyingine ya kusafishia choo hutoa mvuke unaochoma macho na kifua.

Panapokwama

Kinachoharibu mafunzo kuliko kitu kingine chochote ni choo kigumu. Mtoto anapata haja ngumu, inamuuma, kesho anaizuia, ikizuiwa inakauka zaidi, na keshokutwa inauma mara mbili. Anayezuia husimama kwa ncha za vidole, hukaza makalio, hukunja miguu na kuwa mwekundu au kutoka jasho. Wengi hudhani anasukuma, kumbe anabana. Ikiendelea, choo laini huanza kuvuja pembeni mwa kile kigumu na kuchafua chupi, naye anachapwa kwa uvivu au anapewa dawa ya kuzuia kuharisha.

Ukiona anapata choo chini ya mara tatu kwa wiki, au kinatoka vidonge vikavu kama vya mbuzi, simamisha mafunzo, mrudishie nepi, na ushughulikie tumbo kwanza. Papai, embe, chungwa, tende zilizolowekwa, mbaazi za nazi, mchicha na maharagwe vinasaidia. Maziwa ya ng'ombe yasizidi takriban nusu lita kwa siku, maana mengi hushibisha bila nyuzinyuzi. Desturi ya kumwingiza mtoto kipande cha sabuni iachwe: huchoma utando wa ndani na kumwongezea hofu ile ile unayotaka kuiondoa. Wiki mbili haijalainika, mpeleke kwa daktari. Zipo dawa salama za kulainisha choo za watoto.

Anayekubali kukojoa lakini anataka nepi kwa haja kubwa, mpe nepi, ila aivae akiwa bafuni. Wiki inayofuata aivae akiwa ameketi juu ya poti. Kisha ilegeze, kisha ikate tundu chini. Hufaulu kwa wengi, na hakuna aliyelia.

Anayerudi nyuma baada ya miezi ya ukavu ana sababu: mdogo mpya, kuhama, dada wa kazi aliyeondoka, au ugonjwa. Rudi kwenye ratiba bila hotuba. Kumchapa au kumwaibisha mbele ya wenzake hakuongezi uwezo wa kibofu. Kunamfunza kujificha, na anayejificha hakwambii anapotaka.

Mvulana aanze kwa kukaa. Mkojo na haja kubwa huja pamoja, na akisimama atakatiza cha pili. Katika nyumba nyingi za huku kuchuchumaa ndiyo adabu ya kukojoa hata ukubwani, kwa hivyo suala la kusimama wala halizuki.

Nyumba yako na chaguo lake

Fleti yenye maji ya uhakika na mama au bibi nyumbani: poti ukumbini kwa mwezi wa kwanza, mpango wa siku tatu, kisha kiti cha kupachika na kigoda. Nyumba ya vyumba vya kupanga yenye choo kimoja uani: poti yenye kifuniko ndani ya chumba, mpango wa polepole, na mazoezi ya kuchuchumaa mara moja kwa siku asubuhi wakati choo kimetoka kusuguliwa. Wazazi wote kazini na mtoto kituoni: ratiba ya kituo ndiyo ratiba yenu, hata mwisho wa wiki. Kichanga bado, na mama au bibi yuko naye mchana kutwa juu ya sakafu ya sementi: njia ya Wadigo, bila kuona aibu kwamba ni ya zamani. Anayevuka feri kila wiki kwenda kwa bibi Likoni abebe poti ndogo ndani ya mfuko, kopo, chupa ya maji ya lita moja na kaptura mbili. Foleni haimngoji mtoto.

Usiku ni jambo lingine

Ukavu wa usiku hauji kwa kufunzwa. Unangoja mwili uanze kutoa homoni ya kutosha inayopunguza mkojo usingizini, na kibofu kikue. Wapo wanaokauka wiki ile ile ya mchana, na wapo wanaochukua miaka. Kiasi cha watoto 15 kati ya 100 wa miaka mitano bado hukojoa kitandani. Weka plastiki chini ya shuka na leso iliyokunjwa mara nne juu yake, akojoe kabla ya kulala, na nepi ya usiku iondolewe tu akiamka mkavu asubuhi kumi mfululizo au zaidi. Kumwamsha usiku wa manane huokoa shuka, haimfunzi kitu.

Nenda hospitali bila kungoja ukiona analia akikojoa, ana homa isiyo na sababu, mkojo una damu au harufu kali isiyo ya kawaida, mkojo unadondoka wakati wote bila kukatika, au mtoto aliyekuwa mkavu ameanza ghafla kunywa maji mno na kukojoa mno. Hilo la mwisho linaweza kuwa kisukari. Aliyetimiza miaka minne na bado hajakauka mchana apimwe pia.